Kabla Kirikuu Haijapanda Kivuko

Mdogo wangu wa Kilindoni, Mafia, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umedunduliza hela ya samaki na nazi miaka mitatu, unataka Kirikuu ya kubebea mizigo ya watu kutoka gatini, na kuna dalali wa Dar kakurushia picha za gari linalong'aa kama bwana harusi. "Dada, nimtumie advansi kesho asubuhi?" Usitume. Kaa kwanza tuzungumze, na wenzako wasikie.

Anayenunua gari akiwa anaishi Temeke, likimzingua anarudi yadi siku hiyohiyo na kelele zake. Wewe ukishaondoka nalo Dar, ukangoja zamu Nyamisati, ukalipandisha MV Kilindoni, nani atalirudisha? Muuzaji analijua hilo. Kwa hiyo maswali yako yote yaishe gari likiwa bado bara.

Haya nayasema kwa kuumia. Gari langu la kwanza nililichukua kwenye yadi moja Dar, siitaji jina. Kilomita 68,000, viti vimevalishwa kava mpya, ndani kunanukia. Bosi akaniletea soda baridi, kila sentensi "dada'angu". Nilipofika nikalikuta linaunguruma taratibu, moyo ukatulia. Kumbe lilikuwa limewashwa tangu alfajiri, maana likipoa kuwaka ni kazi. Fundi wangu nilimwita nikiwa nimeshalipa (chekeni tu, ruhusa). Hata boneti hakufungua. Alinionyesha kwa kidole pedali ya breki: mpira umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia. "Dada, hizi ni kilomita 68,000?" Walikuwa wamezirudisha nyuma.

Tangu hapo, nikifika yadi kiganja changu kinagusa boneti kabla ya salamu. Nikikuta joto, nasema nitasubiri lipoe. Muuzaji asiye na la kuficha atanitafutia kiti. Mbabaishaji ataniambia kuna mteja yuko njiani na hela taslimu. Huyo mteja wa njiani namsikia miaka yote, sijamwona akifika hata siku moja.

Vuta pia mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ukikuta mstari wa tope lililokauka, gari hilo liliwahi kuogelea kwenye mafuriko, hata likipakwa rangi vipi. Kisha fundi wako alale chini aangalie kutu. Nakusisitizia hili kwa sababu utabeba samaki na barafu, maji yake yanachuruzika kwenye bodi, na upepo wa bahari hapo kwenu haupumziki. Gari likianza na kutu ya bara, chumvi ya Mafia italimalizia. Yadi ikikataa fundi wako kulala chini ya gari, geuza urudi Mbagala ukapande basi lako.

Makaratasi nayo. Kama gari limeshuka juzi kutoka Japani, omba karatasi ya mnada wa huko; huandikwa daraja la gari na kilomita zake. Kama ni namba C au D, limeshatembea hapa nchini, basi shika kadi yenyewe mkononi, linganisha namba ya chasi tarakimu kwa tarakimu, na angalia kama lina deni la trafiki. Ukiambiwa "kadi iko kwa bosi", muulize bosi gani. Huenda bosi mwenyewe ni benki, na kadi imekaa huko kama dhamana ya mkopo wa mtu. Mwenye jina lililoandikwa kwenye kadi ndiye asaini mkataba, mbele ya wakili.

Hela iingie akaunti ya kampuni, nawe upewe risiti ya EFD. Isiende kwenye simu ya dalali. Simwiti mwizi, wapo madalali waaminifu. Ila yeye anakula kamisheni gari likiuzika, liwe zima liwe bovu. Na ukishalipa, maliza habari ya kuhamisha umiliki TRA ukiwa hukohuko Dar. Usikubali "tutakutumia".

Kuhusu yadi ipi, jibu liko karibu na wewe kuliko mimi. Kilindoni ni ndogo, wenye Kirikuu unawajua. Waulize wamenunua wapi, na tafuta aliyenunua mwaka jana au juzi. Aliyenunua wiki iliyopita bado yuko fungate. Usiishie kwenye "ni wazuri?" Uliza, "Lilipokusumbua ukawapigia, walipokea simu?"

Kwa hiyo kesho asubuhi, badala ya advansi, shuka gatini ukaulize. Halafu mwambie dalali unakuja Dar na fundi wako, na gari ulikute la baridi. Niandikie amejibu nini.