Kabla ya Kuchimba, Uliza: Somo la Utafiti wa Jamii kwa Sisi Watu wa Namba



Katika kikao chetu cha mwisho kabla ya mitihani ulizuka ubishi. Wenzetu wanaosoma sosholojia na historia walilalamika kwamba sisi wa uhandisi, kompyuta na biashara tunawaona kama watu wa kupiga soga. Mmoja wetu akajibu eti utafiti wa jamii ni kuuliza maswali ambayo majibu yake kila mtu anayajua. Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, lakini kusema kweli moyoni nilijua kuwa nina deni. Somo hili ni sehemu ya kulilipa.

Kisima kilichonifundisha

Mimi ni mhandisi wa maji. Kabla ya kuja huku Uingereza kwa masomo ya uzamili nilifanya kazi katika mradi mmoja wa visima vijijini, Tanzania ya kati. Katika kijiji kimoja tulichimba kisima kirefu na kufunga pampu ya mkono. Hesabu zangu zilikuwa sawasawa: maji yalitosha, maabara haikuona vijidudu, na umbali kutoka nyumba nyingi ulikuwa ndani ya mita 400, kama Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilivyotaka. Tulipiga picha, tukala pilau, tukaondoka.

Baada ya miezi michache nilirudi kukagua. Pampu nzima, lakini pale palikuwa na ng'ombe tu na kijana anayewanyweshea. Akina mama walikuwa wamerudi korongoni kuchimba mchanga na kuteka kwa kata, kama zamani. Nilikasirika. Nikasema moyoni, watu hawa hawataki maendeleo!

Nikamkuta mama mmoja wa makamo akijaza ndoo. Nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni. Akanieleza bila haraka: maji ya pampu yana chumvi. Maharage hayaivi, kuni zinaisha bure. Sabuni haitoi povu. Chai inakuwa kama dawa. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mlituuliza kisima tunakitaka wapi. Hamkutuuliza maji yake tutapikia nini."

Nilipofikiria vizuri nikakumbuka kwamba hata hilo la "wapi" hatukumuuliza yeye. Katika mkutano wa kijiji wanaume walikaa mbele na kunyoosha mikono, akina mama walikaa nyuma chini ya mti. Tuliandika kwenye ripoti kwamba jamii ilishirikishwa.

Utafiti unaopaswa kujulikana kwetu

Nilipofika chuoni msimamizi wangu alinipa kitabu kinachoitwa Drawers of Water, yaani wachota maji. Kilitoka mwaka 1972. Waandishi wake ni watatu: Gilbert White, mwanajiografia, David Bradley, daktari, na Anne White, mke wa Gilbert na mtafiti mwenzake. Katika miaka ya 1960 wao na wasaidizi wao walikwenda katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania, mijini na vijijini. Hawakuanza na mabomba. Walianza na watu: nani anachota, anatoka saa ngapi, anapita chanzo gani na kukiacha, anatumia lita ngapi, na kwa nini.

Nitataja mambo matatu tu yaliyotokana na kazi hii na nyingine zilizofuata.

Kwanza ni magonjwa. Bradley aliyagawa magonjwa yanayohusiana na maji katika makundi manne. Kuna yale tunayoyanywa, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Kuna yanayotokana na uhaba wa maji ya kunawa na kuoga, kama trakoma na upele. Kuna yanayopitia viumbe wanaoishi majini, kama kichocho na konokono wake. Na kuna yanayoletwa na wadudu wanaozaliana au kuuma karibu na maji, kama malaria. Mpango huu unatumika mpaka leo. Maana yake kwa mhandisi ni kubwa: kwa kundi la pili, wingi wa maji ni muhimu kuliko usafi wake. Mtu mwenye ndoo moja safi kama kioo bado anaweza kupofuka kwa trakoma kwa sababu watoto wake hawanawi uso.

Pili ni umbali. Sisi tulifikiri ukisogeza bomba karibu, watu watatumia maji mengi zaidi. Kumbe sivyo moja kwa moja. Takwimu za hapa kwetu na za nchi nyingine zimeonyesha kwamba safari ikichukua kati ya dakika 5 na 30 hivi, kiasi anachotumia mtu kwa siku karibu hakibadiliki. Kinapanda sana pale maji yanapofika uani au ndani ya nyumba. Kwa hiyo ukipunguza safari kutoka dakika 25 hadi 10, usiahidi kwamba watu wataoga zaidi. Ulichowapa ni muda. Na huo muda unakwenda wapi? Shambani, biashara ndogondogo, shule kwa mtoto wa kike, au kupumzika tu? Hapo kikokotoo changu kinanyamaza, anahitajika mtu wa sayansi za jamii.

Tatu ni wakati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine, wakiwemo wa kutoka nchi zetu tatu, walirudi katika maeneo yaleyale na kuuliza upya. Matokeo ya mijini yanauma. Nyumba zisizo na bomba zilikuwa zinatumia wastani wa dakika 92 kwa siku kutafuta maji, zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa miaka thelathini nyuma. Hata nyumba zenye bomba nyingi zilikuwa zinapata maji kidogo kuliko zamani, kwa sababu miji ilikua na mitambo haikutunzwa. Nafasi hiyo ikajazwa na wauza maji wa mikokoteni na vioski, ambao kila aliyekulia Dar, Nairobi au Kampala anawafahamu. Mtu aliyepima mwaka mmoja tu asingeliona hilo.

Historia nayo ina kazi

Wapo wanaokubali sosholojia lakini wanauliza historia inasaidia nini kwenye kisima. Nitoe mfano. Katika vijiji vingi mradi hufa kwa sababu watu hawachangii fedha za matengenezo. Mhandisi anaandika: "mwamko mdogo".

Sasa msikilize mwanahistoria. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Katika miaka hiyo ya 1970 maji ya vijijini yalikuwa bure. Gharama ilibebwa na serikali. Uchumi ulipoyumba mitambo ikaharibika, na 1991 ilipofika vijiji vingi vilikuwa bado vinasubiri. Baadaye sera zikageuka, mwananchi akaambiwa achangie. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini anaposema "maji ni ya serikali", si mvivu wala si mjinga. Anakumbuka ahadi aliyopewa. Ukilijua hilo utazungumza naye kwa namna nyingine, na huenda ukaelewana naye.

Hatua tano za kuanzia

Likizo ya mwezi wa saba iliyopita nilirudi kijijini pale kukusanya taarifa za tasnifu yangu. Haya ndiyo niliyojifunza, nayaweka kwa wale mnaojiandaa kwenda nyumbani na madodoso.

1. Anza na swali, usianze na jibu. "Kwa nini wanakijiji hawatumii pampu?" tayari linawashtaki. "Familia hii inatumia maji gani kwa kazi gani?" linakufungua macho. Nilikuta nyumba zenye vyanzo vitatu: korongo kwa kupikia, pampu kwa mifugo, mvua kwa kufulia.

2. Muulize anayefanya kazi hiyo. Dodoso langu la kwanza liliandikwa "mkuu wa kaya". Nikajikuta namhoji baba juu ya kazi anayoifanya mama na binti. Baba alijibu kwa uhakika kabisa, na alikosea karibu kila kitu.

3. Pima maneno yako. Niliuliza, "Je, maji haya ni safi?" Wengi wakasema ndiyo. Kumbe kwao safi ni maji meupe yasiyo na tope, na mimi nilimaanisha yasiyo na vijidudu. Usitafsiri tu dodoso la chuo kwenda Kiswahili. Lijaribu kwa watu watano kwanza, kisha waulize wameelewa nini. Na kumbuka kuna vijiji ambako bibi anaelewa Kiswahili lakini mambo yake ya ndani anayasema kwa lugha ya kwao.

4. Hesabu, halafu kaa chini utazame. Takwimu zitakuambia ni wangapi, mazungumzo yatakuambia kwa nini. Nilikaa korongoni kuanzia alfajiri nikiwa na saa na daftari. Nikagundua kwamba walioniambia muda wa kuchota walihesabu kwenda na kurudi tu. Foleni ya kusubiri shimo lijae hawakuihesabu, kwa sababu pale ndipo wanapoongea, wanaposuluhishana, wanapopeana habari za misiba. Kwangu ule ni muda uliopotea. Kwao sehemu yake ni baraza. Hilo ningelipata wapi kwenye dodoso?

5. Omba ruhusa, na rudisha majibu. Mbali na kamati ya maadili ya chuo chako, ulizia mapema kibali cha nyumbani: Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Halafu pita kwa mwenyekiti wa kijiji, na mweleze kila unayemhoji kwamba ana haki ya kukataa. Usimwahidi mtu mradi ili akujibu. Huo ni udanganyifu, hata kama unaongeza sampuli.

Deni

Hatua ya tano imeniganda mwenyewe. Siku ya kwanza nilipofika kijijini nilikutana tena na yule mama. Alinitazama daftari, akauliza, "Umekuja kuandika tena? Yale ya mwanzo yalikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Yalikwenda kwenye ripoti, kwa Kiingereza, kwenye kabati la ofisi asiyoijua.

Nilimwahidi kwamba safari hii nitamletea matokeo, ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano wa kijiji, na akina mama wakae mbele. Ukurasa huo nimeuandika nikaufuta mara nne. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwa maneno ya kawaida nilichokigundua, na hasa mstari wa kwanza, unaosema kwamba tulikosea sisi. Bado sijaupeleka. Nimeutaja hapa mbele yenu makusudi, ili mnidai.

Na wewe msomaji, kama uliwahi kukaa kwenye kigoda cha mtu, ukanywa uji wake, ukaandika majibu yake, kisha ukapata alama nzuri, jiulize kama alipata kujua ulichoandika.

Maswali ya kujadiliana kikaoni

1. Taja tatizo moja la mtaani au kijijini kwenu ambalo liliitwa "la kiufundi". Nani hakuulizwa?

2. Chagua neno moja katika dodoso lako, kwa mfano "kaya", "kipato" au "ajira". Mama muuza maandazi atalielewaje?

3. Utafiti wako ukikamilika, utawarudishia nini waliokupa taarifa, na kwa lugha gani?

Wenye hoja tofauti, hasa wenzangu wa uhandisi, waje nazo kikaoni. Kuuliza si ujinga. Wasalaam.