Mtoto Mwenye Usonji Akuapo

Liko swali moja ambalo mama na baba wa mtoto mwenye usonji hawathubutu kulitamka mbele ya watu: Siku Mungu atakapotuita, huyu atakaa na nani? Yafaa tulijibu leo, maana kulikwepa hakumsaidii mtoto wala mzazi.

Usonji si laana, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, nayo hudumu maisha yake yote. Basi mtoto wa miaka minane atimizapo ishirini, usonji hauondoki. Yanayobadilika ni mahitaji yake.

Tutazame habari za Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji wa Forest, Mississippi, nchini Marekani. Daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wenye hali hiyo, Donald alikuwa wa kwanza katika orodha yake. Alipokuwa mdogo wazazi walimweka katika nyumba ya malezi mbali nao, kisha wakamtoa. Baadaye akakaa kwa mkulima mmoja na mkewe. Mkulima huyo alikuwa na busara. Alipomwona kijana amezama katika kupima vitu, alimpa kazi ya kuchimba kisima na kupima kina chake. Alipomwona akihesabu mistari ya mahindi, alimwacha aihesabu huku akiilima. Donald alimaliza chuo mwaka 1958, akatumika benki kwa miaka zaidi ya 60, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akafariki mwaka 2023.

Mtasema jamaa zake walikuwa na mali, na benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Ni kweli. Wala si kila kijana mwenye usonji atafika chuoni. Lakini kisima na mahindi si mambo ya matajiri peke yao. Hapo twapata mafundisho matatu.

Kwanza, mfundisheni mapema kazi za kila siku: kuoga, kufua, kupika uji, kuhesabu chenji dukani. Igawanyeni kila kazi katika hatua ndogo, kwa utaratibu ule ule kila siku. Asiyesema aonyeshwe kwa picha. Afundishwe pia kuutunza mwili wake, na kumkataa anayetaka kumgusa vibaya.

Pili, alipendalo ligeuzeni kuwa kazi. Apendaye kupanga vitu apange bidhaa; apendaye wanyama achunge kuku.

Tatu, msingoje kitanda cha mauti. Waiteni ndugu zake, mkubaliane nani atamtunza na shamba lipi litakuwa lake. Mwandikeni katika wosia. Naye mwenyewe aulizwe anataka nini, kwa maneno au kwa ishara anazozijua.

Novemba 2014, Papa Fransisko alipokutana huko Vatikani na watu wenye usonji na jamaa zao, alihimiza wavunjiwe upweke na aibu wanayotwishwa. Neno hilo latuhusu sisi pia. Mtoto anayefichwa chumbani wageni wajapo hatapata rafiki hata mmoja wa kumjulia hali wazazi wake wakiisha kufa. Mpelekeni Misani, hata kama ni ile ya alfajiri isiyo na ngoma nyingi. Mpelekeni katika jumuiya, ajulikane kwa jina lake. Nanyi majirani, akipiga kelele kanisani, msigeuke kumkodolea macho mama yake. Msogeeni, mpeni nafasi benchini. Ubatizo wake na wetu ni mmoja.