Mgonjwa wa Moyo na Upungufu wa Potasiamu
Kijitabu kwa familia za Fizi na Baraka

Mgonjwa wa moyo akianza dawa ya kukojoa, ile ya furosemidi ambayo wengi huiita Lasix, miguu iliyovimba hunywea, pumzi hurudi, na usiku analala bila kuketishwa. Nyumba nzima hushukuru. Lakini mkojo ule hautoi maji peke yake. Unatoa pia potasiamu, na moyo hauwezi kufanya kazi bila potasiamu.

Potasiamu ni madini tunayoyapata katika chakula. Sehemu kubwa hukaa ndani ya misuli. Kidogo tu huzunguka katika damu, na hicho kidogo ndicho kinachoupa moyo mpigo wa sawasawa. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Kwa mwenye moyo dhaifu, waganga wengi hupenda kisishuke chini ya 4. Kikishuka, miguu hulegea, misuli hukakamaa, tumbo hujaa na choo huwa kigumu, kisha moyo huanza kurukaruka. Mtu anaweza kuzimia, hata kufa ghafla.

Hapa kwetu dalili hizi hudhaniwa kuwa malaria, uchovu wa shamba, au sumu ya adui. Anayedhaniwa kulishwa sumu hupewa dawa ya kutapika na ya kusafisha tumbo. Tunawasihi, msimfanyie hivyo mgonjwa wa moyo. Kutapika na kuhara vinamtoa potasiamu ileile iliyokwisha kumpungukia.

Siku ya kuhara

Kipindupindu ni ugonjwa tuliouzoea kando ya Ziwa Tanganyika. Kila lita ya choo cha maji huondoka na potasiamu, na mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Ikiwa mtu huyo anameza dawa ya kukojoa pia, anapoteza kwa milango miwili.

Akina mama wengi wanajua kutengeneza maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji hayo yameokoa watu wengi, nasi hatuyadharau. Ila hayana potasiamu. Pakiti ya SRO, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, inayo: ikikorogwa katika lita 1 ya maji safi, inampa mgonjwa milimoli 20. Kwa mgonjwa wa moyo tofauti hiyo ni kubwa. Akianza kuhara au kutapika, mpe SRO kwa mafunda madogomadogo huku safari ya kituo cha afya ikiandaliwa siku hiyohiyo. Msimnyime kwa hofu kwamba maji yatamjaa, wala msimlazimishe kunywa jagi zima kwa mara moja. Mkifika, neno la kwanza kwa muuguzi liwe hili: huyu ni mgonjwa wa moyo, anameza dawa hizi. Yeye ndiye atakayeamua kama dawa ya kukojoa isimame kwa siku chache.

Vituo vingi havina mashine ya kupima potasiamu. Kwa hiyo maelezo ya familia yana uzito mkubwa: amehara mara ngapi, ametapika tangu lini, amekula nini, moyo ulianza kurukaruka saa ngapi.

Anayemeza digoksini awe mwangalifu kuliko wote. Potasiamu ikipungua, digoksini humdhuru hata kama hajazidisha kidonge. Akikataa chakula, akatapika, akaona vitu vina rangi ya manjano au mapigo yake yakienda ovyo, apelekwe bila kungoja asubuhi.

Katika sufuria

Ndizi, maharage, viazi vitamu, parachichi, lenga-lenga na sombe vyote vina potasiamu. Samaki wa ziwa anayo pia, lakini ndagala waliokaushwa kwa chumvi wanarudisha uvimbe, hivyo afadhali wabichi. Potasiamu huyeyuka katika maji ya kuchemshia. Pika viazi na maganda yake, na mchuzi wa lenga-lenga usiumwage. Sombe ni jambo jingine: itwangeni na kuichemsha vizuri kama mlivyofundishwa na wazee, maana majani ya muhogo yasiyoiva yana sumu yake.

Ndizi moja ya kuiva ina takriban milimoli 10. Ni msaada wa kila siku, lakini haiwezi peke yake kumrudisha mtu aliyekwisha kushuka sana. Huyo anahitaji vidonge vya potasiamu, au dripu hospitalini, nayo huingia polepole chini ya uangalizi. Potasiamu ikisukumwa kwa haraka katika mshipa husimamisha moyo. Kwa sababu hiyo msikubali sindano ya potasiamu nyumbani kwa mtu yeyote.

Vidonge navyo si vya kununua sokoni kwa kubahatisha. Wapo wagonjwa wa moyo ambao potasiamu yao huelekea kupanda: wenye figo mbovu, na wanaomeza spironolaktoni, enalaprili au kaptoprili. Kwao nyongeza inaweza kuwa hatari sawa na upungufu. Maji ya majivu ya maganda ya ndizi tunayakataza kabisa kama dawa. Yana potasiamu kweli, lakini yanaunguza, na hakuna awezaye kujua kipimo chake.

Kosa moja linatuumiza zaidi: mgonjwa anasikia moyo unarukaruka, anaambiwa dawa ndizo zinamwua, anaziacha zote. Baada ya siku chache maji yanajaa tena mapafuni. Rudi kwa aliyekuandikia. Mara nyingi kinachohitajika ni kubadili kipimo tu.

Mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani, weka leo pakiti mbili za SRO mahali pakavu pamoja na karatasi ya majina ya dawa zake, na uwaonyeshe watoto wakubwa zilipo.