Makumbusho ya Nairobi na Watoto: Vidokezo Sita

Wengi wetu tulifika Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, kwa basi la shule na hatujarudi tena. Rudini kama familia. Mahali pale ni hazina, mradi msikimbilie kuona kila kitu.

1. Fikeni asubuhi, kabla mabasi ya wanafunzi hayajajaa. Beba kitambulisho: kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

2. Kila mtoto achague kitu kimoja kabla hamjatoka nyumbani. Vingine ni nyongeza.

3. Kaeni sana kwa Mvulana wa Turkana. Mifupa yake ina umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Kipande cha kwanza, kidogo tu cha fuvu, kiligunduliwa mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesifika duniani kwa jicho lake la kutambua visukuku. Waambie watoto kwamba huyu pia alikuwa mtoto. Wataalamu wengi hukadiria alifariki akiwa na miaka minane au tisa. Kisha waulize: wamejuaje? Wape muda wakisie. Sehemu ya jibu imo kinywani, kwani meno ya ukubwani yalikuwa bado yanaota. Mwenye pengo ataelewa haraka kuliko wote.

4. Uani kuna sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit. Pigeni picha, lakini simulieni habari yake pia. Mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru alindwe ili majangili wasimuue kwa ajili ya zile pembe zake ndefu ajabu. Ahmed alikufa mwaka 1974, kifo cha uzee. Kwangu mimi, hakuna somo la uhifadhi linalomwingia mtoto upesi kama hilo.

5. Bustani ya nyoka iwe ya mwisho. Anayeogopa asilazimishwe, na vioo visigongwe. Mtetemo huwasumbua nyoka.

6. Nendeni na bibi au babu. Kwenye ukumbi wa ndege mwombeni awataje kwa lugha ya nyumbani, aeleze yupi hutabiri mvua na yupi humaliza mtama shambani. Maelezo hayo hayajaandikwa ukutani, na wajukuu wanayahitaji. Basi mpigieni simu leo, mpange Jumamosi moja.