Mazoezi ya Viungo kama Njia ya Kujenga Urafiki

Wanachuo wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, kipindi cha elimu ya viungo huonekana chepesi kuliko vyote. Mwalimu huteua manahodha wawili, nao huchagua wenzao mmoja mmoja mbele ya darasa zima. Kisha mpira hutupwa uwanjani, na mwalimu huenda kukaa kivulini. Mara nyingi tumeona mwisho wa uteuzi huo. Hubaki mtoto mmoja asiye na mbio, na manahodha hubishana ni nani atakayemchukua. Mtoto huyo hajifunzi kupenda mazoezi. Hujifunza kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake, na wenzake nao hujifunza hivyo hivyo.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba mazoezi hayajengi urafiki kwa sababu tu watoto wamekusanyika uwanjani. Huujenga pale mwalimu anapotoa kazi ambayo haiwezi kutimizwa ila kwa kusaidiana.

Funzo la kambini

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 hivi, katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Wavulana hao hawakuwa wakijuana. Waligawanywa katika makundi mawili, na mwanzoni kila kundi liliishi peke yake. Kisha yakashindanishwa katika besiboli, kuvutana kamba na michezo mingine, na zawadi zikawa za washindi tu. Haukupita muda matusi yakaanza, bendera zikachomwa moto, na vibanda vya kulala vikavamiwa.

Watafiti walijaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha tu: wale pamoja na watazame filamu pamoja. Haikufaa, walirushiana chakula mezani. Ndipo walipopewa matatizo yaliyowahusu wote. Maji ya kambi yalikatika, ikawabidi wote waitafute hitilafu. Siku nyingine lori la chakula lilikataa kuwaka. Wavulana walileta kamba, nayo ilikuwa ile ile waliyoitumia kuvutana, wakaifunga kwenye lori na kulivuta wote pamoja. Uadui haukwisha siku ile. Ulipungua kidogo kidogo, kazi baada ya kazi, hata mwishowe wengi wakapendelea kurudi nyumbani katika basi moja.

Jaribio hilo limelaumiwa baadaye, kwa kuwa ugomvi ulichochewa makusudi na watoto hawakujua kwamba wanachunguzwa. Mwalimu asiliige. Hata hivyo, funzo lake linatufaa: kamba ni moja, ila kazi iliyopewa ndiyo inayoamua kama itatenga watoto au itawaunganisha.

Utaratibu wa somo

Tuchukue mfano wa Darasa la Tano lenye wanafunzi 40. Lengo ni kwamba baada ya wiki 6 kila kundi liweze kuzunguka uwanja mara 4 bila kumwacha mwenzao hata mmoja. Vifaa ni saa na daftari.

1. Mwalimu mwenyewe apange makundi 8 ya watoto watano watano kabla ya kipindi. Achanganye wenye mbio na wasio na mbio, waliozoeana na wasiozoeana. Kuchaguana hadharani kusiwepo.

2. Muda wa kundi uhesabiwe anapofika mtoto wa mwisho, si wa kwanza. Kwa kanuni hii mwenye mbio hana faida ya kutangulia. Faida yake ni kumsaidia aliye nyuma.

3. Kila kundi lilinganishwe na muda wake lenyewe wa wiki iliyopita, si na kundi jingine.

4. Kazi zigawanywe: mmoja aongoze mwendo, mwingine ahesabu mizunguko, mwingine aandike muda. Kila wiki wabadilishane.

5. Dakika 5 za mwisho ziwe za mazungumzo. Kila mtoto aeleze ni nani aliyemsaidia siku hiyo, na kwa namna gani.

Tahadhari

Kanuni ya pili ina hatari yake. Mtoto wa mwisho aweza kulaumiwa na kundi zima. Mwalimu akisikia lawama, ajue kwamba kazi aliyoitoa ni nzito mno. Apunguze mizunguko au aruhusu kutembea. Mtoto mwenye pumu, selimundu au ulemavu asilazimishwe, wala asiketishwe pembeni: apewe sehemu anayoiweza, kwa ushauri wa wazazi na mganga. Maji ya kunywa yawepo, na jua kali liepukwe. Tena, mbio zisitumiwe kamwe kuwa adhabu, kwani mtoto aliyekimbizwa kwa kosa hawezi kuzipenda.

Hatusemi kwamba mashindano yaondolewe shuleni. Timu iendayo kwenye UMITASHUMTA sharti ishindane. Tunachosema ni kwamba ushindani uje baada ya watoto kujifunza kutegemeana.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku. Vipindi vya shule peke yake havitoshi. Mtoto atazipata dakika hizo ikiwa jioni yuko rafiki wa kupita nyumbani kwao na kumwita. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi tuwape watoto dhiki ndogo wanayoiweza, ili wafaane.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kula pamoja hakukuwapatanisha wavulana wa kambini?

2. Andika andalio la somo la dakika 40 la kuruka kamba, ambalo mafanikio yake yatategemea kila mtoto katika kundi.

3. Mtoto mmoja anakataa kukimbia na kundi alilopangiwa. Utafanya nini?