Kuruka Viunzi kwa Farasi: Usalama Huanzia Chini

Toleo hili nimeombwa somo la farasi, maana wenzetu kadhaa wamejiunga na klabu ya farasi hapa chuoni, na wote wanajua mimi mwaka wa kwanza nilivunjika mtulinga nikafanya mitihani mkono ukiwa umefungwa shingoni.

Wengi wetu nyumbani tumezoea punda wa mizigo. Hapa Uingereza unakabidhiwa mnyama wa nusu tani, anaambiwa aruke, nawe uko juu.

Nilianguka hivi. Kiunzi kilikuwa cha sentimita 60 tu. Chini, upande tuliokuwa tunatokea, tulilaza mti wa kuongoza. Nikaruka vizuri mara tatu. Mara ya nne nikaona uvivu kuzunguka uwanja, nikamleta farasi kutoka upande wa pili. Ule mti sasa ukawa nyuma ya kiunzi. Farasi hupima pa kurukia kwa kutazama chini, kwa hiyo akadhani kiunzi kiko mbali zaidi. Akachelewa, akagonga, mimi nikatangulia. Kosa halikuwa lake, jamani.

Basi tushike haya:

1. Kagua viunzi kwa miguu yako. Mti wa chini uwe upande unaotokea, au pande zote mbili. Kiunzi chenye miti miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ule wa nyuma usiwe chini kuliko wa mbele, farasi hatauona. Huo wa nyuma ukae kwenye vikombe vya usalama, vile vinavyouachia ukigongwa. Vikombe visivyotumika viondoe kwenye nguzo, ukiviangukia vinachana.

2. Pima nafasi. Farasi mkubwa akienda mbio za taratibu, hatua yake moja ni kama mita 3.6. Ukitaka hatua moja kati ya viunzi viwili, acha kama mita 7.2, yaani nusu hatua ya kutua, hatua moja nzima, na nusu ya kurukia. Farasi mfupi, punguza.

3. Vifaa. Helmeti iwe na alama ya ubora na ifungwe kidevuni. Najua pesa zetu za wanafunzi, lakini helmeti ya mtumba usinunue. Ikishapata pigo kubwa, ndani inaharibika hata kama nje inang'aa. Viatu viwe na kisigino kidogo, mguu usipenye kwenye kikuku ukaburutwa. Mkanda wa tandiko ukaze kabla ya kupanda, kisha tena farasi akishapasha mwili.

4. Panda ngazi kwa ngazi. Anza na miti iliyolazwa chini, farasi akienda mchakamchaka. Halafu miti iliyopishana, ndipo unyanyue kidogo kidogo. Ukiyumba, shika manyoya ya shingo, usivute hatamu. Farasi akikataa, shusha kiunzi, usimlazimishe. Akichoka, acha, maana miguu hainyanyuki tena.

5. Usiruke peke yako. Lazima awepo mtu chini mwenye simu.

Tena msidhani helmeti inamaliza kila kitu. Christopher Reeve, yule Superman wa sinema, Mei 1995 kule Virginia farasi wake alisita mbele ya kiunzi. Reeve alitangulia kichwa, helmeti anayo, akavunjika shingo. Alipooza hadi alipofariki mwaka 2004. Na huyo alikuwa mpandaji mwenye uzoefu.

La mwisho ndilo gumu kwetu. Sisi tuna aibu. Mwalimu akipandisha kiunzi, unaona ukisema "bado" utaitwa mwoga, na pauni zako umeshalipa. Sema, kaka. Sema, dada. Mwalimu mzuri atakishusha. Na ukianguka usikurupuke kusimama ili watu wasicheke. Lala kwanza, jisikilize. Kama umegonga kichwa, siku hiyo hupandi tena hata ukijiona mzima, na umwone daktari.

Mimi bado naruka. Ila siku hizi nazunguka uwanja mzima kwa miguu kwanza, wenzangu wakinicheka. Wacheke tu.

Kila la heri katika mitihani.