Losheni ya Nazi Isiyojitenga: Somo kwa Vikundi vya Akina Mama na Vijana

Katika kaunti za Kilifi na Kwale, mnazi ni tegemeo la familia nyingi. Kikundi kinachokamua mafuta ya nazi kinaweza kuongeza thamani kwa kutengeneza losheni. Hasara kubwa hutokea pale losheni inapojitenga: maji hukaa chini ya kopo, mafuta huelea juu, na mteja hudai pesa zake. Somo hili linaeleza chanzo cha tatizo hilo na jinsi ya kulizuia.

Tui ni mfano mzuri

Tui la nazi ni mafuta na maji yaliyokaa pamoja. Protini za nazi huzunguka matone madogo ya mafuta na kuyazuia yasiungane. Tui likichemka sana bila kukorogwa hukatika, kwa sababu moto huharibu kinga hiyo. Losheni hufuata kanuni ile ile, ila kazi ya protini hufanywa na kiunganishi kinachoitwa emalsifaya. Upande mmoja wa emalsifaya hushika maji na upande wa pili hushika mafuta.

Nta ya nyuki peke yake haifanyi kazi hiyo. Hufanya mafuta yawe mazito, lakini maji yakiongezwa hujitenga. Kinachohitajika ni nta ya emalsifaya, ambayo huuzwa na wauzaji wa malighafi za vipodozi.

Vipimo vya kilo 1

• Maji safi yaliyochemshwa: gramu 697
• Mafuta ya nazi: gramu 200
• Nta ya emalsifaya: gramu 60
• Glisarini: gramu 30
• Kihifadhi cha fenoksiethanoli: gramu 10
• Unga wa gamu ya zanthani: gramu 3

Vipimo vyote hupimwa kwa mizani, si kwa kikombe wala kijiko.

Hatua za kufuata

1. Vyombo huoshwa, husuuzwa kwa maji moto na kukaushwa.
2. Unga wa zanthani huchanganywa kwanza na glisarini ili usifanye madonge, kisha hutiwa kwenye maji. Unga huu huyafanya maji yawe mazito kama jeli, hivyo matone ya mafuta hayasogei kwa urahisi.
3. Mafuta na nta huwekwa katika sufuria moja, na maji katika nyingine. Zote mbili hupashwa moto juu ya maji yanayochemka hadi zifike nyuzi 75 za Selsiasi. Sehemu moja ikiwa baridi, nta huganda kabla ya kuyafunika matone.
4. Mafuta humiminwa ndani ya maji polepole huku yakikorogwa kwa blenda ya mkono kwa dakika 2 au 3. Kadiri matone yanavyokuwa madogo, ndivyo losheni inavyodumu.
5. Kukoroga huendelea taratibu kwa mwiko hadi mchanganyiko upoe. Kikundi kinachoacha kukoroga mapema hupata losheni yenye chembechembe.
6. Joto likishuka chini ya nyuzi 40, kihifadhi hutiwa na kuchanganywa vizuri.

Kihifadhi si cha hiari

Mafuta matupu hayana maji, kwa hiyo bakteria na kuvu hawastawi ndani yake kwa urahisi. Losheni ina maji mengi, na vijidudu vinaweza kuzaliana hata kabla harufu haijabadilika. Losheni ya namna hiyo inaweza kudhuru ngozi, hasa ya mtoto au yenye mchubuko. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha tu, haiui vijidudu. Fenoksiethanoli nayo isizidi gramu 10 kwa kila kilo.

Majaribio kabla ya kuuza

Makopo matatu hutengwa: moja rafuni, moja kwenye friji na moja mahali penye joto. Baada ya wiki mbili hukaguliwa. Maji yakionekana chini, mafuta yakielea, au madoa na harufu vikijitokeza, losheni hiyo haiuzwi. Kikundi hurudi kukagua mizani, joto na muda wa kukoroga. Hasara ya makopo matatu ni ndogo kuliko ya makopo mia moja yaliyokwisha kufika dukani.

Kabla ya kuingia sokoni, kikundi kinahitaji leseni ya biashara ya kaunti na alama ya ubora ya KEBS. Lebo ionyeshe viungo vyote, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Daftari la vipimo vya kila toleo litunzwe, ili malalamiko yakija, kikundi kijue ni makopo yapi ya kuondoa sokoni.